Homa Yangu na Shukrani za Espé

Kama una homa inayoondoka kwa dawa kisha ikarudi, na watu wa nyumbani wameanza kukutazama kwa macho ya kuchoka, mimi nimekaa hapo ulipokaa. Nilikaa miezi saba. Sasa nina nguvu ya kubeba bidoni ya maziwa kichwani kutoka kwa mfugaji hadi soko la Mudzipela, na mvua ikininyeshea njiani nalalamika kama watu wengine. Siandiki kama mtu wa kalamu. Niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari. Ninaandika kwa sababu wakati ule hakuna mtu aliyenieleza mambo haya, na ningeelezwa, ningelia siku chache kuliko nilizolia.

Jina langu ni Dorika, lakini nyumbani naitwa Yaya, kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza. Ananifuata Baraka, ambaye anabeba watu kwa moto, yaani pikipiki, hapa Bunia. Wa mwisho ni Espérance. Tunamwita Espé, naye anasoma udaktari wa mifugo chuoni. Baba alikufa tukiwa bado Fataki. Mama alitushika mkono hadi hapa mjini, akatafuta chumba Mudzipela, akaanza kuuza maziwa. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, yeye pia alikufa. Kesho yake niliamka nikachukua bidoni yake. Nilijiambia kwamba mwaka ujao nitarudi shuleni. Niliendelea kujiambia hivyo miaka minne, kisha nikaacha.

Kuna mambo mawili ya mama niliyoyashika bila kubadilisha, na yote mawili yamo katika ugonjwa wangu.

La kwanza ni la sokoni. Kwetu muuza maziwa huonja kwanza. Mteja anashika sufuria yake, wewe unamimina kidogo kwenye kifuniko cha bidoni na kunywa mbele ya macho yake, ili aone kwamba hukutia maji. Muuzaji asiyeonja anarudi nyumbani na maziwa yake. Wateja wakifika kwao wanachemsha. Mimi nilionja mabichi, kila asubuhi, mteja baada ya mteja, miaka kumi na mitatu.

La pili ni la mezani. Kabla ya kufunua chakula cha jioni, kila mtu anamshukuru Mungu kwa jambo moja. Mama hakukubali mtu aseme "asante kwa uzima" au "asante kwa yote". Alisema jirani akikupa chumvi nawe ukamwambia asante kwa yote, atajua umesahau alichokupa. Kwa hiyo ilikuwa lazima jambo liwe la siku ileile, na ulitaje kwa jina lake.

Baraka hushukuru kwa mambo ya barabara. Mvua ilikatika kabla hajafika mlimani, au mteja mnene alishuka mapema. Shukrani za Espé, tangu aingie chuo, zilikuwa zinatuharibia chakula. Siku moja alisimama nyuma ya kiti chake, amefumba macho, akasema:

"Namushukuru Mungu kwa sababu leo niliingiza mukono ndani ya ngombe mpaka hapa kwenye bega, na nikagusa kichwa ya ndama. Ilikuwa inatikisika."

"Ulinawa?" Baraka akauliza.

"Tuko kwa maombi."

"Njo nauliza kwa jina la Yesu. Ulinawa?"

Alishukuru kwa maiti ya mbuzi iliyooza, ambayo ilipewa kundi lingine la kupasua, wao wakapata iliyonuka kidogo tu. Alishukuru kwa jipu lililopasukia upande wa mwenzake. Alishukuru kwa punda mmoja mzee ambaye alikubali kuchomwa sindano na wanafunzi kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na hakumpiga teke hata mmoja. Kwa huyo punda alilia kidogo. Sisi tulicheka, lakini mimi nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasoma chuo kupitia shukrani zake.

Ugonjwa ulianza wakati wa mvua, maharagwe yakiwa na maua. Kwanza mgongo, sehemu ya chini, kama mtu ameniwekea jiwe pale na kulisahau. Sikushangaa. Mtu anayebeba bidoni ana haki ya kuumwa mgongo. Kisha ikaja homa. Ilikuja alasiri, ikanitetemesha, ikaniacha nimelowa jasho lenye harufu ya majani yaliyooza. Asubuhi nilikuwa karibu mzima. Nilikwenda sokoni, nikaonja, nikauza. Alasiri ilirudi.

Kwenye kituo cha afya kilicho karibu walinitibu malaria. Nilipata nafuu siku nne. Nilirudi wakanitibu malaria tena. Mvua zilipokatika na vumbi likaanza, wakasema ni tifoidi. Sina neno baya juu ya watu hao. Mgonjwa akija Bunia na homa, ni nani asiyeanza na malaria? Na fishi yangu, karatasi ya mgonjwa, pale panapoulizwa kazi, iliandikwa neno moja, "biashara". Mimi mwenyewe ndiye niliyelisema. Niliona haya kusema nauza maziwa mbele ya wale mabinti wauguzi wenye bluzi nyeupe. Hilo neno moja lilinigharimu misimu miwili.

Nataka kusema juu ya benchi la kungojea, kwa maana utakaa juu yake zaidi kuliko utakavyokaa mbele ya munganga, daktari wa watu. Lile letu lilikuwa na mguu mfupi, na watu waliozoea walijua kukaa katikati. Ukitaka kwenda chooni, uliacha kiatu kimoja mahali pako, na hakuna aliyekigusa. Kuna mama mmoja kutoka upande wa Beni, mfanyabiashara wa viatu, ambaye mtoto wake alikuwa na ugonjwa wa damu. Tulikutana pale mara nyingi hadi tukawa tunauliziana. Siku niliyoshindwa kukaa wima, alivua kikwembe chake cha juu, akakikunja, akakiweka chini ya kichwa changu. Aliendelea kumlisha mtoto karanga. Mpaka leo sijui jina lake kamili, namjua kama Mama Jospin tu.

Mwili ulibadilika polepole, kisha ghafla. Kikwembe kilichonizunguka mara moja na nusu kikanizunguka mara mbili. Nywele zilibaki kwenye kitana. Viungo vya nyonga vilikataa asubuhi. Nililazimika kujigeuza kwa ubavu na kusukuma kwa mikono ndipo nikae. Kulikuwa na siku nilishindwa kufungua kifuniko cha bidoni. Mteja aliniangalia vidole, akanisaidia kukifungua, akaenda kununua kwa mwingine. Sikumlaumu. Hakuna anayetaka maziwa yaliyoonjwa na mgonjwa.

Baada ya hapo Espé alichukua bidoni. Aliuza asubuhi, akaosha, akanipikia uji, ndipo akakimbilia chuo, mara nyingi akiwa amechelewa. Baraka kwa upande wake alitafuta nani aliyeniloga. Alikuwa na hakika kwamba muuzaji mwenzangu mmoja alinitilia kitu. Alinipeleka kwa mzee mmoja mbali na mji, ambaye alinikata chale mgongoni na kunipa mizizi, nikatapika siku mbili. Espé aliporudi na kuziona zile chale, walirushiana maneno juu ya kitanda changu kana kwamba sipo.

"Unamupeleka Yaya kwa wembe ya watu?"

"Na weye umemupeleka wapi? Unasoma miaka ine, dada yako anakauka hapa mbele yako."

"Mimi nasoma ngombe."

"Njo hivyo. Unasoma ngombe. Basi uache watu wengine watafute."

Espé alitoka nje. Baraka alikaa kando yangu, akaninyoosha miguu, akaanza kunikanda nyonga kwa mafuta ya mawese. Nakuambia hili kwa sababu watu wako watagombana, na utadhani wanagombana kwa sababu wamekuchoka. Huenda wanagombana kwa sababu hakuna anayejua la kufanya.

Lakini jambo lililoniogopesha kuliko maumivu nililikuta ndani ya mfuko wa mihogo mikavu. Nilikuwa natafuta kazi ya kukaa, nikasema nichambue mihogo. Ndani ya mfuko kulikuwa na barua ya chuo, imekunjwa mara nne. Ilisema mwanafunzi Espérance amepangiwa staji, mafunzo ya kazi, Mambasa, kwa daktari wa mifugo wa huko, na asiyefanya staji hatatetea kazi yake ya mwisho. Chini kulikuwa na mahali pa kuweka sahihi ya kukubali. Hapakuwa na sahihi.

Nilimwonyesha aliporudi.

"Staji itakuwapo tena," alisema, akiwa anainama kuwasha makaa. "Mwaka ujao nitaenda."

Nililijua lile neno. Nilijua hata sauti yake, jinsi linavyosemwa mtu akiwa anafanya kazi nyingine ili asikuangalie. Nilitaka kumwambia jinsi mwaka ujao ulivyo, lakini homa ilikuwa imefika, meno yangu yalikuwa yanagongana. Nililala nikiwa na lengo moja. Nisimame kabla siku ya kusafiri haijafika. Kama singesimama, nyumba yetu ingekuwa na watu wawili walioacha masomo kwa ajili ya bidoni moja.

Wiki zile mezani nilikuwa nasema "Pita." Zamu yangu ikifika, nasema "Pita," na shukrani zinamrukia anayefuata. Hakuna aliyenilazimisha. Espé alikuwa anashukuru kwa vitu vidogo vidogo, tena kwa sauti ya chini: sindano iliyoingia mara moja kwenye mshipa wa ndama, glavu zilizobaki kwenye boksi, profesa aliyechelewa siku ambayo yeye pia alichelewa.

Siku moja mchana alinitembelea Papa Lobo, mfugaji aliyekuwa ananiuzia maziwa. Ni mtu mzima, mwenye maneno machache, na anavua kofia hata kwa watoto. Alileta chupa ya maziwa yaliyotoka kukamuliwa, bado yana joto. Alikaa akaniangalia nikinywa mpaka mwisho, kama mzazi. Alinieleza habari za ng'ombe wake, maana hana habari nyingine.

Jioni ile Baraka alishukuru kwa tairi. Espé alisema jambo juu ya kuku. Zamu yangu ilipofika, nilikuwa na jambo, la kwanza kwa wiki nyingi, na nilifurahi kwamba ninalo. Nikasema:

"Namushukuru Mungu kwa chupa ya Papa Lobo. Aliniletea maziwa ya ile ngombe yake nyeupe. Ilitupa mimba, haiko na ndama ya kunyonyesha, njo maana maziwa ilibakia mpaka nikapata na mimi."

Baraka alisema amina na kunyoosha mkono kwenye sahani ya sombe, majani ya mihogo. Espé alimshika mkono.

"Yaya. Ilitupa mimba lini?"

"Sijui. Mbele ya Noeli."

"Ni hiyo moja tu?"

"Anasema ni tatu. Na ingine mwaka ulipita."

"Ilikuwa na miezi ngapi, ile mimba?"

"Espé," Baraka akasema, "Yaya ameshukuru. Acha tukule."

Hakumsikia. Aliniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia, kuanzia kichwani kushuka chini. Aliuliza juu ya jasho, linakuja saa ngapi, linanuka nini. Alikuja akagusa mgongo wangu pale chini, nikaruka.

"Ile chupa ya leo, ulichemsha?"

"Nilikunywa mbele yake. Ningechemsha namna gani mbele ya mugeni?"

"Na sokoni unaonjaka mabichi."

"Weye pia si unaonjaka, tangu umechukua bidoni?"

"Hapana," alisema. "Nasemaka tumbo yangu inakataa maziwa. Wanakasirika, wengine wanaenda." Akafunika uso kwa mikono. "Siye tumesoma ile ugonjwa, Yaya. Ngombe zinatupa mimba, watu wanapata homa. Profesa aliuliza kwenye mutihani, nikapata kumi na sita juu ya ishirini. Mimi nilijikinga. Weye nilikuona unaonja tangu niko mutoto, sikufikiri hata siku moja kama ile nayo ni kunywa."

Chakula kilipoa. Baraka ndiye aliyefunua sahani mwishowe, akagawa, akasema kwa upole ambao si kawaida yake: "Kula, daktari. Kesho nawabeba wote wawili."

Kesho yake tulikaa watatu juu ya moto moja, mimi katikati kama gunia, hadi hospitali kubwa zaidi. Tulingoja tangu asubuhi hadi jua likahama upande wa pili wa ua. Munganga alikuwa kijana, macho mekundu ya kazi. Espé alianza kuomba radhi kabla hajasema kitu.

"Munganga, mimi siko munganga ya watu. Nasomaka nyama, ngombe na mbuzi."

"Nyama wanasema nini?" aliuliza, bila kucheka.

Alimweleza. Mimba zilizotupwa, kifuniko cha bidoni, homa ya alasiri. Munganga alichukua fishi yangu, akaigeuza, akasoma mbele na nyuma.

"Hapa imeandikwa biashara. Biashara gani, mama?"

"Maziwa," nikasema.

Kisha akachukua kalamu, akaandika "maziwa" kando ya neno lile, polepole, kwa herufi kubwa. Namshukuru kwa sababu hakunigombeza.

Kwenye labo walichukua damu. Mtu wa labo alidondosha tone kwenye kibao cheupe, akaongeza tone la dawa ya rangi ya waridi, akaanza kukitingisha taratibu. Alimruhusu Espé asimame kando yake, kwa sababu kipimo hichohicho wanakitumia kwa ng'ombe na yeye alikijua. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeegemea. Sikuona kibao. Niliona mgongo wa mdogo wangu. Mabega yalipanda, yakakaa juu, kisha yakashuka yote kwa mara moja. Aligeuka akiwa analia na kucheka.

"Iko na jina, Yaya. Njo ile ya ngombe. Iko na jina."

Huwezi kuelewa furaha hiyo kama hujaugua kitu kisicho na jina. Tulikumbatiana pale kana kwamba tumeambiwa nimepona.

Nilichomwa sindano siku saba, na kumeza vidonge vya aina mbili wiki sita, bila kuruka hata siku moja. Munganga alinieleza kwamba wengi wanaacha wiki ya pili, wakijisikia vizuri, na ugonjwa unarudi ukiwa mkaidi zaidi. Kwa hiyo sikiliza. Wiki ya kwanza nilijisikia vibaya kuliko mwanzo. Tumbo lilipinduka. Jua lilinichoma ngozi hata nikiwa chini ya mwavuli. Na kidonge kimoja kati ya vile kinageuza maji yote ya mwili kuwa rangi ya machungwa. Mkojo, jasho, mate. Siku niliyolia, kwa sababu tu nilimwaga uji, nilifuta macho kwa kitambaa cheupe na kikatoka na madoa.

Baraka alikiokota. "Espé, njoo uone. Yaya analia maji ya machungwa."

"Ni dawa."

"Tungeweka kwenye chupa tuuze."

Nilicheka mpaka nyonga zikaniuma. Jioni ile Espé alisimama nyuma ya kiti, akafumba macho, akasema: "Namushukuru Mungu kwa mukojo ya Yaya. Asubuhi ilikuwa na rangi ya machungwa kabisa, njo inaonyesha dawa imeingia."

"Mbele ya sombe," alisema Baraka. "Mbele ya sombe yenye mafuta ya rangi ileile."

Homa iliondoka siku ya kumi na mbili. Sikujua kwamba imeondoka. Nilishtuka tu alasiri moja kuona kivuli kimefika kwenye mlango na sijatetemeka. Maumivu ya nyonga yalibaki.

Jambo lililokuwa gumu lilikuwa sokoni. Espé alikwenda kwa Papa Lobo peke yake, akakaa naye nusu siku, akamwonyesha jinsi ya kuwatenga wale waliotupa mimba na kuzika kondo na vyote vinavyotoka, asivishike kwa mikono mitupu. Mzee alivua kofia, akaniombea radhi kupitia kwake, ingawa hakunikosea kwa kujua. Lakini wateja walikuwa wangu. Siku ya kwanza niliyoweza kukaa kwenye kigoda, Baraka alinipeleka sokoni, na nikawaambia. Niliwaambia nilichougua na kilikotoka. Niliwaambia wachemshe mpaka yapande, hata kwa mtoto, hata kwa mgonjwa anayesema anataka ya moto kutoka kwa ng'ombe. Niliwaambia sitaonja tena.

Wengine waliondoka hapohapo na sufuria zao. Mama Sifa, jirani yetu ambaye aliwahi kununua kwa mama yangu, alibaki amesimama.

"Sasa tutajua namna gani kama hauwekake maji?"

"Hamutajua, Mama."

"Miaka yote hii nakuamini kwa sababu ya kifuniko. Leo unanyanganya kifuniko." Alifikiri. "Basi lete mbabula hapa. Chemsha mbele yangu. Maziwa yenye maji haipandake vizuri, mimi nitaona."

Ndivyo ninavyouza hadi leo. Mbabula, yaani jiko la makaa, na sufuria kubwa, na wanawake wamesimama wanangoja maziwa yapande. Sina wateja wengi kama zamani. Mama Sifa anasimamia moto kuliko mimi, na mara nyingi ananiambia naharakisha.

Kama una homa ya namna ile na unaishi karibu na mifugo, au unakunywa maziwa mabichi, au ulisaidia mbuzi kuzaa kwa mikono mitupu, liseme hilo kwa munganga kabla ya yote. Usingoje akuulize. Usione haya kama nilivyoona mimi. Na ukipewa vidonge, umalize.

Siku ya safari ya Espé ilifika nikiwa wiki ya tatu. Alikuwa ameweka sahihi kwenye barua kwa sababu nililia, lakini asubuhi ile gari la kwenda Mambasa lilikuwa linaondoka saa tatu, na saa mbili na robo yeye alikuwa bado anafua shuka zangu. Mfuko wake ulikuwa mtupu juu ya kitanda.

"Espé. Gari."

"Siendi. Uko nusu ya dawa. Nikienda, utaamka ubebe bidoni, na dawa utasahau."

"Sitasahau. Baraka iko hapa."

"Baraka anasahauka hata chapeo yake."

"Niko mzima," nikasema. "Sisikii maumivu tena. Tangu juzi."

Aliacha shuka kwenye beseni, akafuta mikono kwenye nguo, akasimama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyokuwa nakumbuka.

"Wenye kusema njo wanadanganyaka," alisema. "Wagonjwa wangu hawasemake. Tunawaangalia wakitembea. Tembea."

"Nini?"

"Kutoka mulangoni mpaka kwa ua ya Mama Sifa, na urudi. Usishike kitu. Na usiongee."

Baraka alikuwa anapasha moto injini ya moto yake. Aliizima ili asikilize. Nilianza kutembea. Ni mwendo mfupi, mtu mwenye afya anafika kabla hajamaliza kuhesabu vidole vyake. Nilihisi macho yake kwenye kisigino, kwenye goti, kwenye nyonga. Nilipogeuka kwenye ua, nilimwona amechuchumaa, kichwa amekiinamisha upande, jinsi anavyomwangalia ng'ombe wa mtu. Sikuona huruma usoni mwake. Alikuwa anafanya kazi. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya kazi yake, nilikuwa nimeisikia mezani tu, na nikajua kwamba anaiweza.

Nilirudi hadi mlangoni. Mguu wa kushoto ulikuwa unawaka moto.

"Tena," alisema.

Nilikwenda tena. Nilirudi tena.

"Unachechemea kushoto," alisema. "Umenidanganya."

Sikujibu. Nilikuwa nimekatazwa kuongea.

"Lakini wiki ilipita ulikuwa unachechemea pande zote mbili. Na kugeuka umegeuka bila kusimama." Alivuta pumzi. "Ingekuwa ngombe, ningemwambia mwenyewe asiichinje."

"Asante, daktari," alisema Baraka kutoka kwenye moto. "Sasa tuko na nusu saa."

Espé aliingia ndani. Nilisikia mbao za kitanda, nguo zikitupwa mfukoni bila kukunjwa, kitu kikianguka. Nilibaki nimesimama wima pale mlangoni, uso kuelekea barabarani, mpaka alipotoka, akaegemeza kichwa chake begani mwangu kidogo, akapanda nyuma ya Baraka. Nilipunga mkono. Walipopita kona, niliuacha mkono ushuke, nikashika ukuta, nikakaa chini.